Siyu Haihitaji Skana Kwanza

Agosti 2025 serikali ya Mali ilianza kuirudisha Timbuktu miswada iliyokuwa imetoroshewa Bamako tangu mwaka 2012. Makasha zaidi ya 200 yalipakiwa kwenye ndege, na habari ikazunguka katika makundi ya simu ya watu wa pwani kwa pongezi nyingi: elimu ya Waafrika imerudi kwao. Shangwe kama hiyo tuliiona pia pale miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipopigwa picha chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Katika habari zote mbili wengi wameelewa jambo moja, kwamba turathi ya elimu ni karatasi, na karatasi ikishapata kasha salama au ikishageuzwa picha basi kazi imekwisha. Mimi naona tumeelewa upande. Mji wa wanazuoni unaweza kupoteza elimu yake na vitabu vyote vikiwa vizima kabatini, maana inatosha tu asibaki mtu anayejua kitabu gani kiko nyumba gani, nani alikinakili, na kinasomwaje. Kwa miji ya kisiwa cha Pate, Siyu ukiwa mmojawapo, kazi ya kwanza ni daftari la orodha, ya pili ni wasomaji, na skana ije baada ya hapo.

Swali lenyewe lilinifikia kwa njia ya kawaida kabisa. Mtu niliyesoma naye sekondari, mwenyeji wa Siyu, tulipokutana tena baada ya miaka mingi aliniuliza kuhusu sanduku la vitabu vya babu yake: alipeleke Nairobi, alipige picha, au aliache lilipo? Najibu hapa kwa urefu kwa sababu masanduku ya namna hiyo ni mengi, na majibu wanayopewa wenyewe mara nyingi huwatia hasara.

Siyu iko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu. Mgeni akishuka botini huonyeshwa ngome, akasimuliwa habari za Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na jinsi watu wa Siyu walivyowasumbua watawala wa Zanzibar mpaka miaka ya 1860. Sifa hiyo ya vita imeifunika nyingine ambayo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi. Katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ilikuwa mahali pa kutengeneza vitabu. Misahafu ilinakiliwa kwa mkono, ikapambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, ikajalidiwa kwa ngozi katika mji ambao tayari ulisifika kwa kazi za ngozi. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi wa wasia mwaka 1858, alikuwa mke wa huyo huyo Bwana Mataka. Na mji jirani wa Pate ulikuwa umeshatoa Utendi wa Tambuka mwaka 1728. Haya si mambo ya siri, lakini mtoto wa Siyu anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuyasikia darasani hata mara moja, naye mwenzake wa bweni akamjua kwa miaka yote hiyo kama mtu wa visiwani, basi.

Elimu ya miji hii haikukaa mahali pamoja. Sheikh Abdallah Bakathir alizaliwa Lamu, akaja kusomesha Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 1925, mwaka ule ule aliofariki mwenzake Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi mzaliwa wa Ngazija. Kwa Bin Sumait alisoma Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Habib Saleh naye alitoka Ngazija akahamia Lamu, akaanzisha Riyadha kwa kufuata mfano wa Riyadh ya Seiyun, Hadhramaut, na mpaka leo maulidi yanayosomwa hapo yalitungwa na mwanazuoni wa Seiyun. Katika mtandao huu kitabu kilisafiri na mtu. Mwanafunzi alinakili matini, akaisoma mbele ya shekhe tangu mwanzo hadi mwisho, akarekebishwa, akaandika pembeni maelezo aliyopewa, na akifuzu akapewa ijaza, yaani idhini, ya kukisomesha kitabu kile. Karatasi ni mabaki ya kisomo hicho. Ukiitenga na mlolongo wa waliosoma na kusomeshana, unabaki na kitu kizuri cha kutazama ambacho hakikwambii mengi.

Sasa tupime hoja. Iliyo na nguvu kuliko zote ni ya wanaosema vitabu vihamishiwe mji mkuu au nje ya nchi. Wana ushahidi. Hewa ya Lamu mara nyingi ina unyevu uliopita asilimia 70, na ukungu huanza kuota kwenye karatasi unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 hivi, ilhali maktaba za hifadhi hujitahidi kubaki kati ya 45 na 55. Mchwa hupanda kupitia ukuta wa udongo, wakaingia sandukuni kwa chini bila mtu kujua. Tena ukweli usiopendeza ni kwamba tenzi nyingi tunazozisoma leo zimetufikia kwa sababu nakala zake ziliondoka: mkusanyiko wa mmisionari Taylor uliopo chuo cha SOAS, London, nakala alizoandika Muhamadi Kijuma wa Lamu kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na ule wa mtafiti Allen uliobaki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwenye kudai kwamba kila kilichoondoka kiliibwa hajui historia ya vitabu hivyo, kwani vingine viliagizwa na kulipiwa.

Lakini hoja hiyo ina mwisho wake, na Timbuktu ndiyo inayouonyesha. Wapiganaji wa kijihadi walioushika mji tangu 2012, walipokuwa wakiondoka Januari 2013, walichoma moto miswada ya Taasisi ya Ahmed Baba, na inakadiriwa kuwa zaidi ya 4,000 ilipotea. Sehemu kubwa ilipona kwa sababu wakutubi na familia za mji, waliojua kila kasha liko wapi, walikuwa wameitoa usiku usiku ndani ya masanduku ya bati. Ndiyo kusema ujuzi wa wenyeji ndio uliotangulia, usafiri ukafuata. Kisha huko Bamako, mahali palipoitwa salama, unyevu ukawa tatizo jipya, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizotajwa za kuirudisha kaskazini kwenye hewa kavu. Kuhama kunaweza kuokoa kwa muda, lakini hakumpi mtu orodha wala msomaji. Familia inayopeleka sanduku Nairobi bila orodha yake yenyewe, hata ikipewa risiti, itakuwa imekabidhi kitu isichoweza kukidai kwa jina.

Hapa sheria nayo haisaidii sana. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inapofafanua kitu cha kale hutaja vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na papo hapo inaviondoa vitabu na hati. Kwa hiyo kiti cha enzi cha Siyu kina ulinzi ambao msahafu wa Siyu, katika kifungu hicho hicho, hauna. Wanunuzi wa vitu vya kale huenda wanaijua tofauti hiyo kuliko wenye nyumba.

Hoja ya pili ni ya kidijitali: piga picha, weka mtandaoni, karatasi ikiharibika si neno. Ina ukweli ndani yake, kwa maana picha humwepusha msomaji wa Dar es Salaam au Muscat kukigusa kitabu dhaifu. Lakini Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia British Library, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Maktaba yenye uwezo kama ile ilikwama. Sembuse diski moja iliyo kwenye droo ya ofisi ya kaunti. Halafu kuna hesabu ambayo wafadhili hawapendi kuizungumza. Ukurasa wa ukubwa wa A4 ukipigwa kwa nukta 400 kwa inchi hutoa picha ya pikseli kama milioni 15.5, yaani takriban megabaiti 46 bila kubanwa. Kitabu cha kurasa 300 kinakaribia gigabaiti 14, na kila kitabu kinahitaji nakala tatu katika sehemu mbili tofauti. Diski hufa, zinataka kukaguliwa kila mwaka na kuhamishwa kila baada ya miaka michache. Nani ameajiriwa kuifanya kazi hiyo Siyu au Faza, mji mwingine wa kisiwa hicho? Na hata picha zikibaki, mashine bado haisomi khati ya mkono ya pwani kwa kuaminika. Picha isiyokuwa na maelezo haitafutiki. Itakuwepo, na hakuna atakayeiona.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo husemwa na wasomi kwa sauti ya chini na vijana kwa sauti ya juu, ni kwamba masanduku haya yamejaa vitabu vya fiqhi na nahau vya Kiarabu vilivyochapishwa Cairo na Bombay zamani, kwa hiyo hakuna jipya la Waswahili ndani yake. Anayesema hivi hajalifungua moja akalitazama vizuri. Chukua ukurasa wa kitabu cha fiqhi ya Kishafii. Katikati kuna matini, mistari imeachana kwa makusudi. Kati ya mistari kuna maandishi madogo, mara nyingine kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, yanayoeleza neno moja moja kama shekhe alivyolifasiri darasani. Pembezoni kuna maelezo marefu yaliyoandikwa kwa kuinamishwa, kila moja likimalizika kwa jina la kitabu lilikotolewa. Kwenye jalada la ndani kuna tarehe ya mtoto kuzaliwa, deni, dawa ya homa, pengine tamko la wakfu kwamba kitabu hiki hakiuzwi wala hakirithiwi. Mwisho kuna maneno ya mnakili: jina lake, mji, siku aliyomaliza, na alimwandikia nani. Matini ile unaweza kuipata duka lolote la vitabu, lakini hayo mengine yote hayapatikani popote duniani isipokuwa kwenye nakala hiyo, nayo ndiyo yanayotwambia Siyu ilisoma nini, kwa nani, na kwa lugha gani. Hata kitabu kilichopigwa chapa kinaingia katika hesabu kikiwa na maandishi ya pembeni. Wanaochagua kupiga picha vile vya mkono tu na kuviacha vya chapa wanaacha nusu ya kisomo.

Basi daftari lianze vipi? Liwe la kuandikwa kwa kalamu, lenye jalada gumu, na liwe na pacha wake mahali pengine. Kila kitabu kipewe namba kwa penseli laini kwenye kona ya ndani ya jalada, kamwe si kwa kalamu ya wino wala kwa stika. Andika nyumba kilipo kwa alama ambayo wenyewe wameikubali, maana si kila familia inapenda ijulikane ina nini. Pima urefu na upana kwa sentimita. Hesabu karatasi, siyo kurasa. Vitabu vingi vya zamani havina namba za kurasa, na anayehesabu kurasa hujichanganya akifika kwenye zilizo tupu. Nakili mstari wa kwanza na wa mwisho kama ulivyo. Nakili maneno ya mnakili yote, pamoja na tarehe ya Hijria. Ili upate mwaka wa Miladi kwa kukaribia, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ujumlishe 622: 1275 inakupa 1858 au 1859, na ndivyo ilivyo, kwa kuwa mwaka huo wa Hijria ulianza Agosti 1858. Inua karatasi moja mbele ya dirisha utafute alama ya kiwandani. Karatasi nyingi zilizofika pwani zilitoka Italia, na miezi mwandamo mitatu iliyopangwa kwa kupungua ukubwa ni dalili inayosaidia kukisia umri pale tarehe inapokosekana.

Jambo moja linaharibiwa mara nyingi katika hatua hii, nalo ni mpangilio. Karatasi zikiwa zimeachana, mtu mwenye nia njema huzipanga anavyoona, akazitoboa, akazishona. Asithubutu. Chini ya ukurasa wa kulia, upande wa kushoto, wanakili waliandika neno moja peke yake, ambalo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata. Linganisha neno hilo na mwanzo wa ukurasa wa pili. Yakifanana, karatasi zimefuatana, yakitofautiana, kuna iliyopotea au iliyokaa si pake. Pengo liandikwe daftarini hivyo hivyo. Kulifunika kwa kushona ni kumdanganya atakayekuja.

Uhifadhi wa nyumbani nao hauna gharama kama inavyodhaniwa, ila una makosa yanayorudiwa. Selotepu ndiyo adui wa kwanza: baada ya miaka gundi yake hugeuka manjano, ikazama ndani ya karatasi, na anayejaribu kuibandua huondoka na maandishi. Kukitia kitabu katika plastiki ya moto kama kitambulisho ni hukumu isiyo na rufaa. Mfuko wa plastiki uliofungwa nao hutoa jasho usiku joto linaposhuka, na ukungu ukaota ndani. Kuanika juani hukausha kweli, lakini hufifisha rangi na kuifanya karatasi ivunjike. Wino wa masizi na gundi haufifii kwa mwanga, ila ukipata maji unatiririka, kwa hiyo kitambaa chenye maji kisikaribie. Wino wa chuma una tabia nyingine, huila karatasi taratibu penye unyevu mpaka herufi zikadondoka zikaacha matundu yenye umbo lake. Vitabu vya aina hiyo vifunguliwe mara chache. Sanduku liinuliwe sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni, liachane na ukuta, na kila kitabu kivikwe kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato. Kikiwa na wadudu hai na ni kikavu kabisa, kifungwe kwenye plastiki iliyotolewa hewa, kikae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiachwe nje siku nzima kabla ya kufunguliwa, la sivyo umande utaganda juu ya karatasi baridi. Dawa ya kunyunyiza ya mbu isitumike hata kidogo.

Picha zije baada ya hapo, na simu ya kawaida ya megapikseli 12 inatosha kwa kitabu kisichozidi A4. Taa mbili, moja kila upande, ziinamishwe nyuzi 45. Rula na kadi ya rangi ziwe ndani ya picha ya kwanza. Kitabu kisifunguliwe kikalala bapa; kiegemezwe kwa nguo zilizokunjwa, nyuzi 100 hivi, kupigwe kurasa za upande mmoja zote ndipo zipigwe za upande wa pili. Kurasa tupu zipigwe pia, na ukingo usikatwe, kwani pembeni ndiko kulikoandikwa yale niliyoyataja. Mikono safi na mikavu ni bora kuliko glavu, ambazo humnyima mtu hisi akachana karatasi.

Linabaki suala la wasomaji, na hapa ndipo muda unapotubana kweli. Kiswahili cha hati za Kiarabu hakisomeki na kila anayejua kusoma Kurani. Wanakili wengi waliandika p kwa herufi ya b, v kwa f, wakaacha m na n katika mb na nd, na i na e zikapewa irabu moja, vivyo hivyo u na o. Neno lililoandikwa kama "baba" linaweza kuwa baba, papa, bamba au pamba. Anayeamua ni yule anayejua lahaja ya Kisiu au Kiamu, anayejua mizani ya utendi, na aliyewahi kusikia beti zile zikisomwa. Watu hao wengi ni wazee, na baadhi yao ni wanawake waliojifunza tenzi majumbani ambao hakuna mradi unaowatafuta. Saa moja ya kumrekodi mzee wa aina hii akisoma kitabu ukurasa kwa ukurasa, akitaja alikojifunzia, ina faida kuliko maelfu ya picha zisizo na maelezo. Pesa za mradi zikiwa haba, ningezipeleka huko kwanza, halafu kwa vijana sita au saba wa madrasa wenye Kiarabu cha kutosha, wakae na wazee hao kwa mwaka mzima kwa posho inayoeleweka.

Matokeo yake kisera ni haya. Makubaliano yoyote na chuo au maktaba ya nje yaandikwe kwa Kiswahili, familia ibaki na daftari na nakala kamili ya picha kwenye diski yake, na iwe na haki ya kuzuia kurasa zenye mambo ya ndani kama deni, talaka na nasaba zisiwekwe hadharani. Kitabu chenye tamko la wakfu kisihamishwe bila msimamizi wa wakfu huo, hata kama mwenye nyumba amekubali, kwa kuwa si mali yake. Wabunge wa pwani wapeleke marekebisho ya ile tafsiri ya kitu cha kale, iingize vitabu na hati za mkono, lakini kwa sharti kwamba kusajili hakugeuki kuwa kunyang'anya. Familia zikishuku kwamba orodha ni njia ya serikali kubeba masanduku, daftari litapewa vitabu vitatu na vingine thelathini vitafichwa darini, mahali pabaya kuliko pote penye joto na popo. Kwa sababu hiyo ningependa daftari la kila mji likae kwa watu wawili wanaoaminiwa, mmoja wa msikitini na mmoja mwalimu wa shule, na makumbusho ya Lamu yapewe nakala ya namba na majina ya vitabu tu, bila majina ya nyumba.

Kwa sanduku la babu, basi: libaki Siyu, liinuliwe sakafuni, vitolewe vile vyenye ukungu vikae peke yao, na aanze na daftari akiwa na mjomba au shangazi anayejua kusoma khati ile. Kikipatikana ndani yake kitabu chenye tamko la wakfu, amuulize imamu kabla ya mtu mwingine yeyote.